Sadaka ya Baiskeli

Kwetu Nucareni mtu akitoka Italia hurudi kwa njia mbili: kwa ndege akiwa na haraka, au kwa lile basi dogo jeupe la vifurushi akiwa na mizigo. Njia ya tatu hatukuijua. Ndiyo maana Anatol alipoulizwa pale kisimani mkewe anarudi lini, alijibu, "Jumamosi, kwa ndege," akanyanyua ndoo zake akaondoka kabla hajaulizwa ndege gani.

Mkewe, Saveta, hakuwa karibu na ndege yoyote. Ijumaa hiyo jioni alikuwa upande wa pili wa mto Prut, kwa Waromania, amekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, anakula mkate na nyanya. Pembeni yake, ukutani, ilikuwa imeegemea baiskeli ya kijani ya kike, yenye kikapu mbele na mikoba miwili nyuma aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha koti la mvua. Alitoka nayo Italia, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, peke yake, akapita milima na nchi za watu mpaka hapo. Simu ikalia.

"Uko wapi?" Anatol aliuliza.

"Nimebakiza mto. Kesho mchana niko langoni."

"Saveta, nisikilize. Panda basi."

"Basi la nini tena, Tolea? Kimebaki kipande tu."

"Ndiyo nasema. Kipande hicho ndicho chenye watu. Huko Serbia nani anakujua? Hata ungetembea kwa mikono. Lakini hapa... Mimi nimeshawaambia unakuja kwa ndege."

"Basi waambie ndege imepata pancha."

Alicheka peke yake. Upande wa pili hakuna aliyecheka, na baada ya hapo simu ikakatika, au ikakatwa.

Saveta alijifuta makombo. Kwa miaka tisa alikuwa amewasukuma wazee wa watu kwenye viti vya magurudumu, na wa mwisho, bibi Ersilia, alipofariki, wanawe walimwambia achukue anachotaka katika kile kibanda cha bustani. Wanawake wenzake wa kazi hiyo walidhani atachukua mashine ya kushonea. Yeye akachukua baiskeli. "Miaka yote hii nasukuma magurudumu ya wengine," aliwaambia, "na mimi nataka yangu." Tangu siku hiyo alikuwa na nia moja tu, wala hakuificha: kuingia langoni kwake ameketi juu ya baiskeli ile, mchana kweupe, bila kusukumwa na mtu wala kubebwa na mtu.

Nyumbani wakati huo kulikuwa na heka heka za arobaini. Asishtuke mtu, hakuna aliyekuwa amekufa. Kwetu mtu akizeeka anaruhusiwa kujifanyia arobaini yake mwenyewe akiwa hai, na Profira, mama yake Anatol, alikuwa ameamua kuifanya ya kwake Jumapili hiyo. Sadaka anayoitoa mtu kwa mkono wake, pamoja na mkate na mshumaa, ndiyo atakayoikuta ahera: ndoo ya maji, kiti, mto, blanketi. Wengi huwaachia watoto wao kazi hiyo. Profira hakutaka.

"Nikimwachia mwanangu Tolea," aliwaambia wanawake waliokuja kukunja vibunda vya mchele katika majani ya mzabibu, "atawagawia watu vikombe vya plastiki, na mimi nitanywea plastiki milele na milele, amina."

Wanawake walicheka mpaka wakajifuta macho. Anatol alikuwa hapo hapo mlangoni na gunia la viazi begani, akasikia, akapita.

Profira alikuwa na miaka themanini na moja. Miguu yake ilimkatalia majira mawili ya baridi yaliyopita. Kuanzia hapo dunia yake ilikuwa kitanda kilichosogezwa dirishani na kipande cha ua kilichoonekana kutoka hapo. Ulimi haukumkatalia. Na kila jioni, akishamaliza supu, alimwita mjukuu wake Corina, binti wa Saveta, akamwuliza swali lile lile.

"Amefika wapi?"

Corina alikaa kitandani akamfungulia simu. Mama kwenye daraja refu. Mama amepigwa na mvua, soksi zimeanikwa juu ya usukani. Mama na kinyozi mmoja wa Serbia aliyemtengenezea spoki zilizovunjika, na akamwosha na nywele bure, maana alisema hawezi kutengeneza gurudumu safi la mwanamke mwenye kichwa kichafu. Profira alizishika picha hizo karibu na pua. Akitaka kujua habari za mlima, aliuliza aliupandaje, kwa kupiga pedali au kwa kusukuma, na akiambiwa alisukuma alinuna kidogo.

Anatol hakujua lolote kuhusu hilo. Jioni alikuwa kwenye kituo cha mafuta cha Chiril kule njia panda, akitazama mpira. Chiril ndiye aliyewasimamia harusi yao, na kwetu aliyekusimamia harusi unamsikiliza kuliko baba yako. Jioni hiyo ya Ijumaa Anatol alikuja hata mpira hakuutazama.

"Atakuja hivyo hivyo, mzee," alisema. "Mbele ya watu wote. Siku ya mama."

"Na ubaya uko wapi?" Chiril aliuliza, ingawa alijua.

"Ubaya? Mke wa Petru kaja na televisheni ya ukuta mzima. Yule wa mtaa wa chini kaja na gari. Wangu aje kwa baiskeli, kaungua jua kama mchunga mbuzi? Watasema katupwa. Watasema kaokotwa njiani. Halafu wataniangalia mimi."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo. Chiril alimtupia funguo za gari lake juu ya meza.

"Mkute hapa njia panda. Baiskeli iache kwangu, aingie kijijini kama mama wa watu. Baadaye, watu wakishasahau, njoo uichukue. Au niiuze?"

Anatol hakuona kichekesho chochote.

Saveta alifika njia panda Jumamosi kabla ya mchana. Kilomita saba zilibaki, na alizijua zote. Baada ya kituo kuna mashamba ya zabibu, kisha mlima mfupi, kisha juu yake msalaba wa mbao, na kutoka hapo barabara inateremka moja kwa moja mpaka kanisani. Tangu Kroatia alikuwa amepanga kuteremka pale bila kugusa breki.

Alisimama kituoni anywe maji. Alikuwa amekonda, pua imebabuka, suruali imekatika kwenye kifundo na kufungwa kwa kamba ili isiingie kwenye mnyororo. Mwanamke mmoja asiyemjua, aliyekuwa akijaza mafuta, alimtazama juu mpaka chini. Akaenda kwenye gari lake akarudi na mkate mdogo mtamu uliokunjwa kwenye kitambaa.

"Pokea, dada," alisema. "Kwa roho ya mama yangu."

Kwetu sadaka ya marehemu haikataliwi, hata na tajiri. Saveta aliupokea kwa mikono miwili.

"Bogdaproste," alijibu, neno linalosemwa na kila mpokeaji, Mungu amsamehe aliyetangulia. Akaumega akala pale pale, maana sadaka hailazwi. Usipoitumia, marehemu naye anakaa nayo mkononi tu hawezi kuitumia.

Anatol alikuwa amesimama kwenye mlango wa kituo, ameyaona yote. Mkewe amepewa sadaka kama maskini wa mlangoni pa kanisa, na ameila! Uso ulimwaka. Alimjia haraka akashika usukani, kama vile angeulizwa baiskeli hii ni ya nani.

Hawakuwa wameonana miaka miwili. Walitazamana.

"Umekonda," alisema Anatol.

"Na wewe umenenepa."

"Ndiyo viazi." Akakohoa. "Nimekuja na gari la mzee Chiril. Nimekuletea gauni, lile la bluu, na viatu. Badili tu hapo ndani, tuondoke."

"Gari litangulie. Mimi nitakuja nyuma."

"Saveta."

"Kilomita saba, Tolea! Nimetoka Italia. Umenipigia simu jana nikakwambia. Kwa nini hunisikii?"

"Wewe ndiye husikii. Ua umejaa watu. Wanawake wote wako pale wanakunja vibunda, wanangoja kukuona. Unajua wataanza wapi? Wataanza miguuni kwako." Alimwonyesha zile kamba kwenye kifundo.

"Waanzie wanapotaka."

Hapo Anatol alisema kile ambacho hakupaswa kukisema. Hakukipanga. Kilimtoka tu, kama mtu anayeteleza akashika kilicho karibu.

"Mama amekataza."

Saveta alimtazama usoni.

"Amesema hataki uingie hivyo. Siku yake ni kesho, Saveta. Labda ndiyo ya mwisho watu kumjia akiwa hai. Anasema utamwaibisha mbele ya padri." Hakumtazama alipokuwa akisema. "Mimi ningefanyaje?"

Hakumwuliza mama yake hata neno moja. Alidhani anajua angesema nini, na mtu akidhani hivyo kwa muda mrefu anaona ameshaambiwa.

Kama angesema jambo jingine lolote, Saveta angepanda baiskeli akaenda zake. Lakini ni Profira aliyemlelea mtoto miaka tisa. Ni Profira aliyemwuza ng'ombe wake ili yeye apate nauli ya kwanza ya kwenda. Alisimama akiikamata ile breki ya kulia, akiibana na kuiachia, kuibana na kuiachia.

"Sawa," alisema.

Alibadili nguo katika choo cha kituo, kisichokuwa na kioo. Alipotoka, gauni lilimpwaya mabegani na viatu vilimbana, kwa sababu miguu ilikuwa imepanuka njiani. Chiril aliikokota baiskeli mpaka stoo, akaiegemeza nyuma ya rundo la matairi mabovu. Kikapu kilikwaruza ukuta. Saveta aligeuza uso.

Walipopita msalaba wa mbao na barabara ikaanza kuteremka, Anatol alikanyaga breki mwendo wote, kwa sababu gari halikuwa lake. Na Saveta akalia, bila sauti, mpaka kanisani, akajifuta kwa ncha ya gauni kabla ya kona ya nyumbani.

"Karibu, karibu mama Italia!" Jirani yao Aniuta ndiye aliyekuwa wa kwanza langoni, mikono imejaa mchele. "Tumekungoja! Ndege ilikuwaje?"

"Ilikuwa na upepo," alisema Saveta.

"Mbona pua imebabuka hivyo? Siku hizi ndege hazina paa?"

Wanawake waliangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya; sisi hucheka hivyo hata msibani. Anatol alicheka kwa nguvu kuliko wote. Alimshika mkewe kiwiko akampitisha kwenye mlango mdogo wa pembeni, kama tunavyopita sote kila siku, kwa sababu lango kubwa kwetu hufunguliwa kwa harusi, kwa jeneza na kwa mkokoteni wa zabibu tu. Corina alikuja mbio akamkumbatia mama yake. Kisha akachungulia nyuma yake, barabarani, akaonekana kutafuta kitu.

"Na..." alianza.

"Mama yako amechoka," Anatol alimkatiza. "Akamwone bibi."

Profira alikuwa ameketishwa kitandani na mito mitatu mgongoni, amevaa kitambaa cheupe kichwani, kile cha siku kuu. Alikuwa amelitazama dirisha tangu asubuhi. Saveta alipiga magoti akambusu mkono.

"Mama, nimefika."

Yule bibi aliangalia viatu, akaliangalia gauni, akaangalia tena dirishani.

"Umekuja na gari," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Imeharibika?"

"Nini?"

"Baiskeli, mwanangu! Imeharibika? Ni zile spoki za yule kinyozi zimekatika tena?" Saveta aliona kwa mshangao kwamba mkwewe amekasirika, kama mtoto aliyeahidiwa kitu akanyimwa. "Nimekungoja kutoka Italia. Kila jioni. Nimevuka na wewe lile daraja, mvua imeninyeshea na mimi hapa hapa kitandani. Leo nimemwambia Corina anivalishe hiki kitambaa nikuone unavyoingia. Na wewe unaniletea gari la Chiril! Gari la Chiril nalijua tangu lilipokuwa jipya."

Saveta alikaa sakafuni. Hakupiga magoti tena, alikaa kabisa.

"Mama, niliambiwa umekataza."

"Nani kakataza?"

"Wewe."

Profira hakuuliza aliyemwambia ni nani. Aliinua macho mpaka mlangoni, ambako mwanawe alikuwa amesimama na mikoba miwili ya kitambaa cha koti la mvua, hajui aiweke wapi.

"Tolea."

"Naam, mama."

"Mimi nimekataza lini?"

Nje wanawake walikuwa wakibishana juu ya chumvi.

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Aibu ni yako, ukaivalisha kitambaa changu." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. "Huyu amekula vumbi la nchi nne, akakubali kuacha mwisho wa safari yake nyuma ya... umeiacha wapi?"

"Stoo kwa Chiril. Nyuma ya matairi."

"Nyuma ya matairi! Kwa sababu ya jina langu!"

"Mama, wangecheka," alisema Anatol, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli. "Wewe unakaa humu ndani. Mimi ndiye ninayekwenda kisimani. Miaka tisa wananiuliza, mkeo kaleta nini, mkeo kaleta nini. Kesho wangeuliza, mkeo kaletwa na nini."

"Na wacheke. Walimcheka baba yako alipoanguka kutoka kwenye mti wa cheri, na wote walikuja kumzika." Profira alivuta pumzi. Kisha akauliza jambo ambalo wote wawili hawakulitegemea. "Kesho natoa nini? Nisomee."

"Ndoo mbili," alisema Anatol bila kuelewa. "Kiti. Taulo. Vikombe, vya udongo, mama, nimenunua vya udongo. Na kitanda kilichotandikwa, na mto."

"Kitanda! Miaka miwili nimelala, nife nikalale tena? Ondoa kitanda. Nataka baiskeli."

"Mama!"

"Nikifika kule nataka kwenda. Sina haja ya kulala."

"Hakuna mtu aliyewahi kutoa baiskeli. Padri atasema nini?"

"Padri anakuja na gari la Kijerumani. Kuhusu magurudumu hana la kusema." Akamgeukia Saveta, na hapa sauti ikashuka. "Lakini ni yako. Sitachukua cha mtu. Unanipa?"

Nisimpambe Saveta hapa: roho ilimuuma. Kitu alichotoa kwenye sadaka mtu hakirudishi. Kingepewa jirani, au maskini wa chini mtoni, na asingekigusa tena. Alikuwa ameshaupoteza mwisho wa safari yake asubuhi ile. Sasa aipoteze na yenyewe?

"Utampa nani?" aliuliza.

"Hilo ni la anayetoa. Unanipa, hunipi?"

Alifikiria yule ng'ombe.

"Nakupa, mama."

"Basi ije. Lakini siitaki ikiletwa juu ya gari kama ndama wa sokoni. Kitu kilichofichwa si chako wala si changu. Ije yenyewe, kwa barabara, mpaka langoni kwangu, na wewe juu yake. Asubuhi, watu wakishatoka kanisani. Tolea atakupeleka, kwa kuwa ndiye aliyekushusha." Akajiegemeza kwenye mito. "Na sasa niitie Corina. Leo sijauliza umefika wapi."

Jumapili asubuhi Anatol aliendesha taratibu kuliko jana. Saveta alikuwa amevaa suruali yake ile ile, ameifua na kuikausha juu ya jiko, na kamba zake kwenye vifundo.

"Niliogopa," alisema Anatol walipofika mashamba ya zabibu.

"Najua."

"Si hao tu wa kisimani. Niliogopa ukija hivyo, watu wataona unaweza kila kitu peke yako. Watauliza, sasa yule Tolea alikuwa wa nini?"

Saveta alitazama njia. Angeweza kumwambia hapana, si kweli. Wanawake wengi wangesema hivyo, ili gari litulie.

"Hata mimi nilijiuliza," alisema. "Hasa kwenye milima."

Anatol alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Kituoni aliondoa matairi moja moja mwenyewe, akamkataza Chiril asisaidie, akaitoa baiskeli mpaka juani. Akaipapasa tairi ya nyuma kwa kidole gumba, akaona imelegea, akaenda kutafuta pampu. Alipiga upepo akiwa ameinama, jasho likimtiririka kwenye shati la kanisani. Mnyororo nao aliufuta kwa leso yake, kisha akaifunga tena ile mikoba nyuma.

"Breki za mbele zinalia," alisema.

"Ziache. Sitazitumia."

Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu simu ile. Kisha akaingia garini akatangulia.

Sisi tulikuwa tumeshatoka kanisani. Wengine walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu uani kwa Profira, wengine wakiwa bado barabarani, padri katikati na joho lake. Profira alitolewa nje kwenye kiti, blanketi magotini, ndoo zake mbili zikiwa zimepangwa mbele yake, zimejaa maji na mkate wa mviringo juu ya kila moja. Kitanda hakikuwepo. Aniuta alikuwa ameshakiulizia mara mbili.

Kwanza tulisikia kengele ndogo, si ya kanisa. Halafu mtu akasema, "Ni nani yule mlimani?" Kutoka kwenye msalaba kitu cha kijani kilikuwa kinakuja, kinateremka, kinazidi mwendo, hakipunguzi, mkoba mmoja unapepea pembeni kama sikio la mbwa. Padri aliwavuta wawili pembeni wasije wakagongwa. Mwanamke yule alipita mbele ya kanisa ameinama juu ya usukani, mdomo wazi, na naapa alikuwa anapiga kelele, ingawa yeye mpaka leo anakataa.

"Yesu wangu!" alisema Aniuta. "Saveta? Na ndege je?"

"Ndiyo hii!" Saveta alijibu akipita.

Tulicheka. Bila shaka tulicheka, tungefanya nini? Na wakati bado tunacheka tulisikia chuma kikilia, tukageuka. Anatol alikuwa ameuondoa mti unaofunga lango kubwa. Alisukuma ubavu mmoja, akakimbia akasukuma na wa pili, akasimama katikati ya barabara kofia mkononi, kama mtu anayepokea harusi. Hakuna harusi, hakuna jeneza, zabibu bado ziko shambani. Kicheko kilipungua hapo, kikaisha. Saveta aliingia katikati ya lango akiwa ameketi juu ya baiskeli yake, na hakushusha mguu mpaka alipofika mbele ya kile kiti.

"Umechelewa," alisema Profira, machozi yakimtiririka waziwazi.

"Nilipitia njia panda, mama."

Corina alimsaidia bibi yake. Walifunga taulo jeupe kwenye usukani, wakaweka mkate wa mviringo ndani ya kikapu na kuusimika mshumaa katikati yake, wakauwasha. Padri alitazama baiskeli, akatazama gari lake nje ya uzio, akaanza kusoma. Profira aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Iliushika vizuri, vidole vikizunguka mpira. Watu walikuwa wakitupiana macho, kila mmoja akikadiria nani atakayepewa, na wenye watoto wakubwa wakisogea mbele.

"Saveta," alisema Profira. "Pokea. Iwe yako hapa, na kule iwe yangu."

Mnong'ono ulipita mezani. Mkwe wa nyumba hiyo hiyo! Lakini anayetoa ndiye anayechagua, na padri alikuwa ameshasema amina.

Saveta alishika usukani.

"Bogdaproste."

"Na sadaka hailazwi, unajua," Profira alisema kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya mwisho. "Ikilala stoo, na mimi kule nimelala. Usiku sitawaacha mlale. Na anayeicheka sasa anamcheka marehemu." Alimtazama Aniuta, kisha wasengenyaji wote wa kisimani waliokuwa kwenye benchi moja naye. "Haya. Panda."

"Sasa hivi, mama? Watu hawajala."

"Mimi sijauona mto miaka miwili."

Saveta aliigeuza baiskeli. Mshumaa ulizimika na upepo kabla hajafika langoni, mkate ukabaki kikapuni. Anatol, aliyekuwa bado ameshikilia ubavu wa lango, alimgusa bega alipopita, basi. Profira alifumba macho.

"Amefika wapi?"

Corina alipanda juu ya uzio. "Amepita kisima, bibi."

Tulikaa. Supu ilikuwa inapoa, na hakuna aliyegusa kijiko.

"Na sasa?"

"Kwenye shule. Anapinda kuelekea mtoni. Sasa ameanza ule mlima mdogo."

"Anasukuma?"

Corina alisimama kwa ncha za vidole.

"Hasukumi, bibi. Anapiga pedali."

"Vizuri," alisema Profira, bado amefumba macho, akijipapasa magoti juu ya blanketi. "Nipeni supu, basi. Yule akirudi atakuwa na njaa, na mimi pia."